Fomu Iliuliza Kama Mimi ni Raia

12 Septemba 2024

Dada Phelista,

Kibomet mko salama? Mimi mzima, mgongo tu ndio unalalamika kwa kubeba nyama kiwandani huku ng'ambo. Mtoto wetu Nekesa ameanza kutambaa.

Nimekuja kuchukua leseni ya kuendesha gari. Kiingereza cha mama wa dirishani kilinipita mbio, akanipa fomu ya Kiswahili. Wanauliza kama nataka kujiandikisha kura, halafu: "Je, wewe ni raia?" Niko hapa kwa benchi, kalamu mkononi. Wewe ulikuwa karani wa kura. Nijaze nini?

Ndugu yako,
Wepukhulu

12 Septemba 2024

Mdogo wangu, sisi wazima, mama anakusalimia.

Ati raia? Kwani wewe ni polisi? Ama umeingia jeshi bila kutuambia? Wewe ni raia kama sisi wote. Weka alama, bana. Mimi nilizunguka soko la Chwele na jua likiniwakia nikibembeleza watu wajiandikishe, halafu ndugu yangu wa damu aogope kalamu?

Dada yako

6 Novemba 2024

Dada, salamu nyingi, na mama pia.

Nimepiga kura jana. Huku hakuna wino wa kidole, wanakupa kikaratasi cha kubandika kifuani. Nilienda nacho kazini. Huko siasa haiongelewi, ukitaja mgombea meza nzima inanyamaza. Mathenge, Mkenya mwenzangu, alikiangalia, akauliza uraia nimepata lini. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Ndugu yako

2 Septemba 2025

Dada, natumaini mahindi yamefanya vizuri.

Nimeitwa ofisi ya uhamiaji tarehe kumi na nane, kwa sababu ya ile kura. Wakili anasema raia kwa fomu yao ni mwenye pasipoti yao. Mimi nina kadi ya kuishi tu. Wanaweza kunifukuza, na Nekesa ni wa huku, amezaliwa huku. Wiki hii watu wawili hawakuonekana kazini, na hakuna aliyeuliza wako wapi. Naogopa, dada. Usimwambie mama.

Wepukhulu

3 Septemba 2025

Mdogo wangu, leo salamu imenishinda.

Ni mimi nilikwambia uweke alama. Nimesoma ule ujumbe wangu mara kumi, na ule mzaha wangu wa polisi unanichoma. Waonyeshe. Waambie dada yako ndiye hakujua. Niko tayari kuapa mbele ya yeyote.

Dada yako

18 Septemba 2025

Dada, niko kwa foleni. Mke wangu Rosaline yuko nje kwa gari na mtoto. Ujumbe wako nimeuchapisha, uko mfukoni. Wameita jina langu, wamelitamka vibaya lakini ni langu. Nitakuandikia nikitoka.

6 Oktoba 2025

Wepukhulu,

Simu yako haipatikani. Rosaline anasema alingoja mpaka ofisi ikafungwa, askari akamwambia aende nyumbani. Mpaka leo hajui wamekupeleka wapi. Mama anauliza mbona hupigi Jumapili. Namwambia simu yako iliharibika, na najua haniamini.

Wamenirudisha kazi ya karani wa kura. Leo mama mmoja wa Kipsongo alikaa mbele yangu, akaangalia fomu, akaniuliza, "Karani, raia ni nani?" Nilifunika kalamu, nikamwelekeza kwa karani mwingine. Kesho sirudi huko.

Niandikie hata neno moja.

Dada yako

11 Novemba 2025

Wepukhulu, uko?