Mwezi wa Siku Mbili

Jumatatu, 18 Machi
Daku, swala, kisha herufi za Kijapani mpaka kumekucha. Umeme hakuna. Chaji yote ya simu imeishia kwenye kurasa za zamani za serikali ya Japani, nilizopakua siku mtandao ulipokuwa na huruma. Shangazi Zaina, ninayekaa kwake hapa Butembo, amepita na ndoo: “Japon itakulisha? Ungesomaka sheria, droit.” Kila asubuhi wimbo ni huo huo.

Utetezi wa tasnifu ni wiki ijayo. Baba ameshasema kutoka Beni: nikianguka, narudi kukaa dukani kwake.

Jumatano, 20 Machi
Tasnifu imerudi kutoka kwa profesa atakayenihoji. Wino mwekundu ukurasa mzima. Nimeandika kwamba Japani ilipoacha kalenda ya zamani na kushika ya jua, mwezi wa kumi na mbili ulikatwa. Watu walilala tarehe mbili, wakaamka Mwaka Mpya. Ameandika pembeni: kosa kubwa, tafsiri ya simu.

Ya simu! Herufi zile nimejifunza peke yangu, miaka, kwa kamusi ya mapadri iliyoliwa na mchwa. Hasira zilinifanya nisahau kwamba nimefunga, nikanywa maji. Kusahau hakuvunji saumu. Saumu iko salama, hasira pia.

Ijumaa, 22 Machi
Msimamizi wangu, Assistant Kambale. Mtu mwema, mwoga. “Toa tu ile phrase, dada, upite. Mutu hapana bishana na jury.”

Sentensi moja. Nikiitoa, napita. Nikiiacha, profesa ataniangusha. Nimeifuta, nimeirudisha, nimeifuta tena.

Lakini ni kweli ilitokea. Inabaki.

Jumapili, 24 Machi
Naogopa.

Jumatano, 27 Machi
NIMEPITA!

Ukumbi ulijaa. Profesa alianza pale pale: “Mwezi ya siku mbili? Iko wapi hiyo, mademoiselle?” Nikampa nakala ya tangazo lenyewe la serikali. Akaligeuza juu chini. “Haya mamistari inaweza kuwa hata bei ya samaki ya makayabo.” Watu wakacheka. Jasho likanitoka. Kisha hasira ya Jumatano ile ikanirudia, alhamdulillahi.

“Prof, Pasaka ni Jumapili hii. Mwaka uliopita ilikuwa Avril. Nani aliisogeza?”

Mwenyekiti wa jopo ni padri. Alicheka wa kwanza, akanyoosha kidole kuelekea dari. “Ule mwezi wa kule juu njo unaisogezaka.”

Basi nikafunguka. Pasaka yenu inahama, Ramadhani yangu inahama, kwa sababu mwezi wa angani hauendi sambamba na jua. Kalenda ya Wajapani ilikuwa nyuma ya ile ya jua. Walipoihama, ilibidi waruke siku ili waifikie. Nikajibu maswali yote. Yote! Profesa akachukua kalamu, akaukata wino wake mwenyewe.

Grande distinction, daraja la juu. Shangazi, yule yule wa droit, alinimwagia poda kichwani, kama wafanyiwavyo wanaofaulu hapa, mpaka nikapiga chafya, na vigelegele vyake vilizidi vya wote. Mezani kuku, viazi vya Musienene, soda baridi. Karamu yangu mwenyewe, nami nasubiri magharibi! Najivuna. Leo nina haki.

Alhamisi, 28 Machi
Beni. Joto. Baba alikuwa chini ya lori lake. Ametoka na grisi mpaka viwikoni, hakunikumbatia ili asinichafue. Duka hakulitaja.

Baada ya futari tumekaa uani. Ameniomba nimweleze zile siku zilizorukwa. Nimemweleza. Amemenya chungwa lote, kisha akauliza:

“Na bale batu benye balizaliwa mu izo masiku? Anniversaire yabo ya kuzaliwa ilienda wapi?”

Hata jopo halikuniuliza hilo. Nimemwambia nitalitafuta.

Amenikatia nusu ya chungwa, akasogeza kiti chake karibu na changu.