Stima Ilipopotea Katikati ya Mchezo

Nekesa mjukuu wangu,

Habari ya Doha? Hapa Kapsoya tuko wazima, ila babu yako amepigwa na jogoo wake mwenyewe.

Umeuliza nilijuaje huyu ndiye wa kunioa. Tulikuwa vijana, tumejazana kwa jirani tukitazama mchezo wa televisheni. Mke aliyetoroka na dereva wa lori amerudi, mume anafungua mdomo amjibu, stima ikapotea! Vijana wakamjibia gizani: "Fukuza huyo!" "Arudi kwa lori!" Babu yako, ambaye nilikuwa simjui, akasema, "Mimi ningemuuliza kama amekula."

Wakamcheka. Mimi nikawasha kiberiti nimwone uso.

Mwisho wa ule mchezo sijauona mpaka leo, lakini mzee bado ananiuliza kama nimekula. Na huyo kijana wako, yeye huuliza nini?

Nyanya yako,
Kukhu