Tarabuka ya Shemeji

Rahaleo, Mtwara
14 Septemba 2025

Mpendwa dada Nilza,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujauzito unaendeleaje, na baridi ya huko Makedonia imeshaanza? Sisi hatujambo. Mama miguu imepungua kuvimba, na mikorosho imetoa maua vizuri.

Nimeona niandike, maana kwenye simu huwa unaweka spika, na shemeji anakuwa hapo hapo. Jambo lenyewe linanitia aibu.

Shemeji alipokuja peke yake kijijini Kitaya kwenye sherehe ya mwanangu Nelio kutoka jando, alibeba ile tarabuka, ngoma ya udongo ambayo marehemu baba yake alikuwa akiipiga kwenye harusi za Waroma wenzake wa huko Makedonia. Wapigaji wetu walikuwa wanapasha ngoma zao kwenye moto. Yeye akawasha balbu, akaiingiza ndani ya tarabuka kupitia chini kulikowazi ili ngozi ikaze. Watu wakacheka hadi machozi. Na mimi nilicheka.

Mjomba Orlando akasema, "Mwambieni mkwe, hicho chungu chake hakina kitako, viazi vyetu vya ming'oko tutavichemshaje humo?"

Shemeji naye akacheka, maskini, kisha akaniuliza mjomba kasema nini. Niliona haya kumtafsiria. Nikamwambia mjomba kaipenda ngoma, anatamani ibaki kwetu.

Asubuhi yake shemeji akamkabidhi mjomba tarabuka kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Nilikuwa nimesimama pale pale, sikufumbua mdomo.

Mjomba hakuelewa kwa nini amepewa, akaileta kwangu. Juzi alipokuja tena nikamweleza ukweli. Hakunikemea. Aliomba balbu, akaiweka ndani kama alivyomwona mkwe, tukasubiri. Halafu akaipiga kwa vidole. Dada, ina sauti nyembamba, tamu, na chumba kizima kiliitika. Akaiweka chini taratibu.

"Kijana alikuja kutusalimia na ngoma ya baba yake," akasema, "sisi tukamcheka."

Tafadhali mweleze shemeji yote, usipunguze kitu, hata hilo la chungu. Akiitaka, nitaifunga vizuri niipeleke Dar mwenyewe, nimtafute msafiri mwaminifu. Akipenda kutuachia, basi atuachie akijua tulichosema.

Mama anakusalimu sana, na mke wangu Graca, na Nelio ambaye siku hizi anatembea kama mzee wa mji. Mungu akujalie ujifungue salama.

Mjomba nimemwomba salamu, amekataa. Anasema atatuma salamu pale shemeji atakapokuwa ameujua ukweli.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa aibu yangu yote,
Agostinho