Neige Kutoka Kilima ya Basoda

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 12 mwezi wa munane

Nimerudi sokoni na viazi nusu ya kitunga. Banunuzi hakuna. Bamama ba Lubero banasema barabara ya Kanyabayonga imeharibika tena.

Ku nyumba nikakuta batoto banacheza mu lupango, kiwanja ya nyumba yetu. Kijana yangu Kambale alikuwa amefunga kamba mu mulango. Masika, mukubwa wao, alipita na kitunga tupu ku kichwa, na ile kadogo yangu, Kyakimwa, akanyoosha mukono: "Mama, lipa kwanza." Balikuwa banacheza barrière, ile kizuizi ya njiani, pale batu banalipa mbele ya kupita.

Nilicheka. Kisha roho ikaniuma. Likizo yote hawajaona kingine: nyumba, soko, kanisa. Kyakimwa alizaliwa mu vita. Hajatoka mu kartier, mutaa yetu, hata siku moya juu ya furaha tu.

Nitabatembeza. Vita ao hapana.

Siku ya pili, tarehe 13

Nimefikiri wapi. Parc, ile pori ya nyama za kulindwa, hapana. Benye bunduki bamekula nyama zake, na njia yake inakula batu. Beni, camion, ile lori ya safari, inaomba pesa mingi. Hapa Butembo kitu ya bure na ya muzuri ni moya tu: kilima ya mikalitusi nyuma ya kartier yetu. Zamani, kisha ya komunio ya kwanza, jamaa zote zilipanda kule na sufuria zao. Mbingu ikiwa safi, asubuhi unaona mulima Ruwenzori na neige yake juu, ile teluji nyeupe. Baba yangu ndiye alinionyesha. Paluku, bwana yangu, alinitongoza kulekule.

Lakini tangu Pasaka basoda, baaskari ba serikali, bako juu. Hakuna mutu anapanda, hata kukata kuni.

Nilimuambia Paluku nitaenda kuomba ruhusa kwa komanda. Akaniuliza kama nimechoka na maisha. Huyu alikuwa dereva. Kasindi, Goma, Bunia, kote alipita. Tangu benye bunduki balimunyanganya camion, anakaa ku kiti mu lupango asubuhi mpaka magaribi. Ninamupenda. Leo alinikasirisha sana.

Siku ya ine, tarehe 15

Asomption, sikukuu ya Maria kupalizwa mbinguni. Kisha ya misa nilipanda peke yangu, na kikwembe yangu ya sikukuu. Soda wa kwanza alinielekezea bunduki, halafu akaona ni mama tu.

Komanda alikuwa amekaa ku bidon, dumu ya mayi, anakunywa chai. Mutu wa Équateur, jimbo ya mbali. Lingala ndiyo luga yake, Swahili yake ni ya njiani. Nilimuambia yote bila kuzunguka: batoto, likizo, kilima, neige. Alicheka. Akabaita benzake basikie, bakacheka nabo.

"Mama, niko hapa tangu Pasaka. Naona mikalitusi na vumbi. Neige iko kwa Bazungu."

Nilimujibu: "Vumbi ndiyo inaifunika. Mvua ikinyesha, utaiona."

Aliweka chai yake chini. Kisha akasema nilete batu siku ya Yenga, Jumapili ya juma ijayo. Neige ikionekana, tutakula kule juu. Isipoonekana, hataki tena kusikia habari ya kilima hii kutoka mudomo wa mutu wa kartier yetu.

Nikasema ndiyo. Nilishuka mbio kama mwizi. Sijui nani alinitia ile neno mu mudomo.

Siku ya posho, Jumamosi, tarehe 17

Habari imeenea. Ku bomba ya mayi bamama banazungumza juu yangu tu. Benye batoto banataka kuja. Mama Katungu, jirani yetu, amenikasirikia: alikuwa na tumaini basoda batafungua kilima polepole, apate kuni, na mimi nimeicheza kama karata. Yeye ana haki. Sikumuambia hivyo.

Paluku anakaa ku kiti yake tu.

Siku ya tatu ya juma, tarehe 21

Vumbi. Mbingu nyeupe kama uji. Kilima za karibu zenyewe sizioni vizuri.

Hata hivyo tunapanga. Hakuna kununua kitu. Kila nyumba italeta kile iko nayo: viazi, maharagi, ndizi, sombe ya majani ya muhogo. Masika atabeba mayi. Kambale anauliza kama neige inakulwa. Sijui kujibu.

Naogopa. Nimeahidi kitu haiko mu mukono yangu.

Siku ya posho, tarehe 24

Mvua.

Ilianza muchana, kubwa, na upepo. Batu bote bakakimbia mu nyumba. Mimi nilibaki mu lupango, mayi inanipiga ku uso. Mama Katungu alipiga kelele kutoka dirisha yake kwamba kesho itakuwa matope tu. Paluku aliacha kiti, akasimama mu mulango, akaangalia mbingu namna dereva anaangalia njia.

"Hii ni ya kufagia," akasema. "Kesho itakuwa safi."

Neno yake ya kwanza ya juma hii. Nimeiweka ku roho.

Siku ya Yenga, tarehe 25

Nitaandika yote, nisisahau.

Tulitoka kanisani ku misa ya kwanza, tukapanda moya kwa moya. Nilifikiri tutakuwa nyumba mbili, tatu. Nikageuka: njia imejaa. Bazee na fimbo, bamama na sufuria ku kichwa, batoto bila viatu mu matope. Hata Mama Katungu, na maharagi yake, uso amekunja. Paluku alibeba sufuria yetu kubwa. Hakuna mutu alimuomba.

Basoda balituacha kupita. Juu, ukungu. Ukungu tu, upande wote wa mashariki. Tulisimama. Komanda alisimama kando yangu, mikono nyuma. Nilisikia jamaa mumoya anauliza kama turudi. Kyakimwa alinivuta kikwembe.

Paluku akaweka sufuria chini. Akasema kwa sauti, batu bote basikie: "Tungoje. Jua haijashika."

Tukangoja. Jua ikapanda. Ukungu ikaanza kushuka mu mabonde, polepole, kama mayi inatoka mu beseni. Kwanza kilima nyeusi. Kisha mulima nyuma yake. Kisha, juu sana, pale ambapo hakuna mutu alikuwa anaangalia, nyeupe. Kali. Karibu mutu aiguse na mukono.

Muzee moya alifunga macho, akafungua tena. Halafu batoto bakaanza kupiga kelele, na kilima yote ikalia kwa furaha, bamama banapiga vigelegele, na mimi nilikuwa nalia bila haya.

Komanda alivua kofia. Alisema "Nzambe" tu, ni Mungu kwa Lingala. Kisha akabaita basoda bake bote, mumoya mumoya, akabaonyesha kwa kidole, kama yeye ndiye aliiweka pale.

Tulikula. Tulibapa basoda viazi, bakatupa chai. Batoto balijiviringisha ku majani mpaka nguo zikawa za matope. Kyakimwa alishuka, akapanda, akashuka, sauti ikamuisha. Paluku alikusanya vijana, akabaonyesha: kule ni njia ya Kasindi, kule ni Beni, kule alilala na mupira ya camion imepasuka. Alicheka. Nilisahau meno yake namna iko.

Kabla ya kushuka, komanda alikuja kwetu, mimi na Mama Katungu. Alisema kila siku ya Yenga, mpaka muchana, kilima itakuwa ya batu. Na kuni, bamama bakate upande wa chini.

Mama Katungu alinishika mukono njia yote ya kushuka. Hakuniomba samahani. Sikuitaka.

Tumeshinda. Naandika tena: tumeshinda.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 26

Miguu inauma. Nimefua nguo za batoto, matope haitoki. Sokoni nimeuza kidogo.

Mbingu imejifunga tena. Mulima haionekani. Batoto bamelala muchana, bote batatu ku kitanda moya.

Paluku alinyoa ndevu. Kisha akatoka, bila kuniambia, kuuliza ku parking, pale camion zinasimama, kama kuna mutu anatafuta dereva. Kiti iko tupu mu lupango. Nimekaa pale kidogo, nachambua maharagi. Jua iko muzuri pale.