Jicho la Kushoto la Mize

Kwako mke wangu, Binti Makame, uliye mbele ya haki. Salamu hizi hazina wa kuzibeba, lakini zipokee. Ulikuwa ukinicheka, ukisema herufi zangu zatembea upande kama kaa. Basi leo nazipinda nitakavyo, na hakuna wa kucheka.

Mize, mjukuu wetu uliyemwacha akitambaa, sasa anakimbia uwanja mzima. Ila jicho lake la kulia halioni, Binti Makame. Nimelipofusha mimi, kwa mikono yangu hii.

Ngoja nikweleze mpaka mwisho, usinikate kauli kama desturi yako.

Mize alianza kwa wekundu wa macho. Asubuhi kope zikawa zimegandana kwa tongotongo, mtoto analia, hawezi kufumbua. Binti yetu Asha akafanya kama alivyokuona wewe ukifanya siku zote. Akachemsha maji, akatia chumvi kidogo, akayaacha yapoe ndani ya bakuli lililofunikwa. Akanawa mikono. Akamviringisha mtoto ndani ya leso asijifikiche, akachana kitambaa safi vipande viwili, jicho hili chake na jicho hili chake, akaanza kufuta polepole kutoka puani kwenda sikioni. Kwa mkono wako kabisa. Ningefumba macho ningedhani ni wewe.

Nami nikasimama mlangoni nikacheka.

Unanijua. Toka Kilindoni mpaka Chole hakuna azibaye nyufa za chombo kama mimi. Nikishapiga pamba na mafuta ya papa, jahazi hulala majini masika nzima na chini kukavu, panya anaweza kulala. Hili si la kujisifu, waulize manahodha. Nikatazama jicho lile likitoa usaha na machozi, nikajiambia, hiki kinavuja tu, dawa yake naijua tangu ujana.

Nikamwambia Asha, "Siku ya tatu hii waosha, na bado linatoka. Kivujacho huzibwa, hakioshwi!"

Akasema, "Baba, mama alikuwa akiosha, tena siku nyingi, mpaka linatakata."

Nikamjibu, "Mama yako alikuwa akimaliza kuni zangu. Nani mwenye nyumba hapa?"

Akaweka kitambaa chini. Umemlea vizuri, hamjibu baba yake. Laiti ungemlea vibaya kidogo.

Nikachukua pamba ya kazini, nikaichovya mafuta ya papa, nikaibandika juu ya jicho la kulia, nikalifunga kwa kitambaa fundo langu lile lisilofunguka. Siku tatu. Mtoto alilia siku mbili, ya tatu akanyamaza, nami nikatamba barazani: mwaona? Nilipofungua, ulitoka usaha wa kujaza kifuu. Ndani mboni ilikuwa nyeupe kama nyama ya dafu. Mganga wa Kidachi, yule Mjerumani, alipopita huku, Asha alimpelekea mtoto bila kuniuliza. Akalitazama, akatikisa kichwa. Mimi ndiye niliyekuwa na maneno mengi.

Uliwahi kuniambia, Asha angali mchanga na macho yakimuuma, nami nimekuja na kopo langu la mafuta. Ulinisukuma kifuani. Ukasema, "Toka na uchafu wako! Chombo waziba maji yasiingie. Jicho waosha ubaya utoke. Huoni tofauti, ewe mzee wa mbao?" Nilinuna mpaka magharibi. Nilikumbuka kununa, maneno nikayasahau.

Sasa limeanza la kushoto. Ndilo lililobaki.

Asha haniachi nimguse mtoto. Anageuka tu na kumficha nyuma ya bega lake. Na Mize mwenyewe, nikikaribia, hunusa mafuta mikononi mwangu, kisha hulifunika jicho la kushoto kwa kiganja. Ana miaka miwili, Binti Makame. Nani kamfundisha kunificha jicho?

Basi kazi yangu ndani ya nyumba hii ni hii: nachemsha maji kabla ya alfajiri, na vitambaa vikishatumika navitia motoni, asije mtu akavirudia. Fundi mimi. Nachoma matambara.

Na hayo matambara ni leso yako nyeusi. Ulipokufa niliapa isiguswe, nikaikunja ndani ya kasha. Lakini imefuliwa mara nyingi mpaka imekuwa laini, na hapa nyumbani hakuna nguo laini kama hiyo kwa jicho la mtoto. Naichana mwenyewe, vipande viwili asubuhi, viwili jioni. Mji wa leso, ile kati yake yote, umekwisha. Limebaki pindo.

Jana jicho liliamka limegandana tena. Asha aliliosha mara tatu ndipo likafumbuka. Sijui liliona nini. Sikuthubutu kusogea.

Sikuombi msamaha. Nikifika huko utanisukuma kifuani, nami sitanuna. Ahadi yangu ni hii moja: kopo la mafuta nimelitupa baharini, na mdomo wangu nimeufunga mbele ya Asha. Akisema osha, nitachemsha. Pindo likiisha, nitachana kanzu yangu ya Idi.

Lala, mke wangu. Kumepambazuka, na maji yameshapoa.