Kibati cha Vita vya Burma

Matombo, Jumatatu

Mchumba wangu Judith,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Ndizi zimekomaa, magoti yamegoma.

Kile kibati cha shingoni alichorudi nacho baba kutoka Burma, nilichoringia kilabuni miaka yote, Padri amekisugua kutu akasoma jina: Athanas, kaka wa bibi yako Semeni! Anasema askari akifa, mwenzake humvua kibati akakipeleka kwao. Baba hakukipeleka. Sisi watoto tukamvisha mbuzi kibati hicho.

Semeni amekataa misa ya kaka yake tangu usichana. “Aliye hai haombewi kama marehemu, Padri!”

Nimechoka, Judith. Kila siku nafika mlangoni kwake, naishia kuomba chumvi. Sasa nimeandikisha jina la Athanas kwenye misa ya marehemu, litasomwa kanisani Jumapili. Njoo Jumamosi, unishike mkono nimwambie bibi yako.

Babu yako wa jirani, mwoga,
Alois