Shampeni Yako ya Barafu

Mpendwa dada,

Shikamoo. Krismasi imepita, na friza lako bado linanguruma palepale karibu na mlango wa jikoni. Nasema lako kwa sababu humu ndani kila kitu bado ni chako, na nimechoka kujifanya jambo hilo haliniumi.

Unakumbuka Baba Enesia, mume wako, alivyorudi kutoka Nakonde na chupa za shampeni, nami nimekuja kwenu Tunduma kula sikukuu? Tulizoea barafu za ubuyu za vifuko vya nailoni, basi tukaigandisha vivyo hivyo. Tukajaza, tukakaza mafundo, tukaenda kanisani. Kurudi, vifuko vimevimba, vingine vimepasuka, na kuku wa Krismasi ameoga shampeni. Vilivyosalimika navyo havikuganda, vilikuwa uji tu. Ulicheka mpaka ukakaa sakafuni. Mimi nilikuwa karibu kulia.

Mwaka uliofuata ukachemsha maji na sukari, ukaacha vipoe, ukatia juisi ya pasheni, kisha ukamimina shampeni taratibu kwenye sinia pana. Ilipoanza kushika ukaikwangua kwa uma, ukairudisha, ukaikwangua tena, mpaka ikawa chengachenga. Mezani ukajaza glasi na kudondoshea shampeni nyingine juu ili itoe povu. Mama mkwe wako, ambaye hata togwa aliiogopa, alimaliza glasi yake akasema, "Hii si pombe, hii ni barafu." Hakuna aliyembishia.

Mimi nilikuwa nakamua pasheni. Nilipoomba nikwangue kidogo, ukasema, "Acha mdogo wangu, utaiharibu." Hukusema kwa ubaya. Lakini wote walikuwa wanakusifu wewe, na mimi vidole vimejaa mbegu. Nilikuonea wivu siku ile, na haujanitoka.

Ulipofariki, wazee wa pande zote mbili walikaa kikao kijijini Ihanda wakasema nyumba isibaki wazi, na mtoto asilelewe na mgeni wakati mdogo mtu yupo. Nilikubali kwa mdomo wangu. Nilimpenda Enesia, na baadaye nikampenda na baba yake. Nilidhani marehemu haonewi wivu. Kumbe mke mwenza aliye hai ni nafuu, maana naye huunguza wali, hununa, huzeeka. Wewe hukosei tena. Kila Krismasi natengeneza shampeni yako, Baba Enesia anaonja, anafumba macho, anasema, "Imekaribia." Miaka yote hii inakaribia tu.

Safari hii nikagoma. Pasheni nikaiacha, nikatia tangawizi na ndimu, nikasema liwalo na liwe. Enesia, ambaye sasa ni mwalimu huko Mbangala, alionja akatabasamu.

"Mamdogo, hii tamu sana."

"Kuliko ya mama yako?" Nilijua ni swali baya, nikaliuliza hivyohivyo.

Akaweka glasi mezani. "Ya mama siikumbuki, mamdogo. Nilikuwa mdogo, nilikuwa nalambishwa tu."

Baba yake akainamia sahani yake. Nilichokitaka miaka yote nilikuwa nimekipata mbele ya watu, dada, nikaisukuma glasi yangu kando.

Kesho yake nikaenda sokoni kutafuta pasheni. Nikatengeneza ya kwako, hatua kwa hatua, bila kuongeza wala kupunguza kitu, nikamwita akae, nikamwambia nilichokuwa sijawahi kumwambia, kwamba ile ya kila Krismasi ilikuwa ya mama yake. Alikula polepole, kama mtu anayemsikiliza anayeongea chumba cha pili. Alipomaliza akafuta macho, akasema, "Mamdogo usikasirike. Ya mama ni tamu zaidi."

Imeniuma. Hata sasa ninapoandika inaniuma.

Nikamwongezea.

Lala, dada. Mwanao nipo naye.

Mdogo wako